Siku Bualai Alipotunzwa

Simu ililia wakati Bualai ameligeuza kopo la maziwa kichwa chini, analipiga kitakoni kwa kiganja ili unga ulioganda pembeni udondoke. Ulidondoka kijiko kimoja hivi na robo. Mjukuu wake, Tonkhao, wa miezi saba, alikuwa amelala chali mkekani akimtazama, ngumi zote mbili mdomoni. Jikoni maji ya mchele yalikuwa yamekwisha poa. Siku ya nne hii mtoto anakunywa maji ya mchele yaliyochanganywa na maziwa, na kila siku mchele unazidi na maziwa yanapungua.

"Ni Bi Bualai?" sauti ya kijana, ya mtu anayeendesha gari.

"Ndiye mimi."

"Naitwa Worawit, mkaguzi. Ulikata rufaa ya posho ya janga, siyo? Leo nakuja kuhakiki kazi yako. Kati ya saa tatu na saa kumi. Usitoke."

"Saa ngapi hasa, bosi?"

"Si nimekwambia, kati ya saa tatu na saa kumi. Nina watu kumi na wanne leo. Nikifika mwanzo wa kichochoro nitapiga, na nisipokupata faili linafungwa. Rufaa ni mara moja tu, unajua hilo?"

"Najua, bosi. Sitoki. Nitoke niende wapi?"

Alikuwa anaongea peke yake, kijana keshakata. Chaji ilikuwa asilimia kumi na moja. Waya wa chaja ulikuwa umekatika kwa ndani na haupitishi umeme mpaka uukunje upande mmoja na kuushikilia, basi Bualai akasimama kando ya soketi, akaukanyagia ukutani kwa kidole gumba cha mguu, chupa ya mtoto mkono huu, mtoto mkono ule. Amewahi kuimba jukwaani usiku kucha mpaka jua linatoka, lakini wallahi kusimama kwa mguu mmoja robo saa kulimshinda.

Rufaa yenyewe ilikuwa hivi. Bualai ni molam, mwimbaji wa nyimbo za Isan, kwao kaskazini mashariki, na kwa miaka ishirini na mitano ameimba hapa Bangkok kwenye sherehe za watu wa kwao: mtoto akiingizwa utawa, nyumba ikizinduliwa, mtu akirudi salama kutoka kazini Taiwan. Mwezi wa tatu ugonjwa ukaingia, sherehe zikapigwa marufuku zote kwa tangazo moja, na simu yake ikanyamaza. Binti yake Phikun alikuwa akitandika vitanda hotelini Phuket. Kisiwa kikafungwa, hoteli ikafungwa, na Phikun akafungiwa humo humo bila mshahara wala njia ya kutoka. Mtoto alikuwa tayari kwa bibi.

Serikali ikasema itatoa posho, baht elfu tano kwa mwezi kwa miezi mitatu, kwa kila aliyepoteza kazi. Jaza fomu kwenye simu. Bualai akajaza, kwa msaada wa Oon, mwendesha pikipiki wa chumba cha pili. Baada ya wiki tatu ujumbe ukaja: Hujakidhi vigezo, kwa kuwa wewe ni mkulima.

"Mkulima nani?" Bualai alimuuliza Oon.

"Wewe. Mashine ndiyo inasema."

Jina lake halijawahi kuhamishwa kutoka kitabu cha nyumba ya kwao Roi Et, daftari la serikali la wakaaji, kama majina ya nusu ya watu wa kichochoro hiki. Kaka yake Khamphan, mwenye nyumba kule, aliwahi kuandikisha watu wote wa kitabuni kuwa wakulima ili apate mbolea zaidi. Na posho ya wakulima ilikuwa moja kwa nyumba, akapewa Khamphan. Kwa hiyo dada mtu alikuwa mkulima wa kunyimwa ya mjini, asiye mkulima wa kupewa ya shamba. Mara ya mwisho Bualai kushika mche wa mpunga alikuwa na miaka kumi na saba, na aliutupa huku anautukana.

Saa nne kichochoro kikaanza kutoka. Kila siku kama saa hizo hekalu la ng'ambo ya reli hugawa chakula, na watu huwahi foleni mapema kwa sababu sahani ni mia mbili na matumbo hayahesabiki. Bibi Samruai, muokota chupa wa chumba cha kwanza, akasimama mlangoni na gunia lake begani. Ana miaka sabini na moja na meno manne.

"Twende, mwanangu! Leo kuna tajiri kaleta maziwa ya watoto. Makopo, nimeyaona kwa macho yangu, yamepangwa mpaka hapa."

 Bualai akatazama simu. Asilimia kumi na tisa.

"Mkaguzi anakuja, Bibi. Nikitoka, basi tena."

"Atakuja saa ngapi?"

"Hajasema."

"Wanajua kuweka watu, hao." Bibi Samruai akatema pembeni, akafikiri. "Nipe huyo mtoto. Nitakwenda naye mimi."

"Utasema ni wa nani?"

"Nitasema wangu. Nimejifungua wiki iliyopita, bado nauguza mshono."

Oon, aliyekuwa anafuta pikipiki isiyo na abiria, akacheka mpaka akashika kiuno. Bualai naye akacheka, kisha akamfunga mtoto kifuani kwa bibi kizee na kuufinya mkono wake. Akawatazama mpaka wakavuka reli. Walipopotea machoni akaanza kutembea: kutoka mlangoni hadi bombani, kutoka bombani hadi kwenye nguzo ya umeme, na kurudi. Hakuthubutu kufika barabarani. Kila gari lililopunguza mwendo lilikuwa la mkaguzi, kisha likawa si lake. Alifagia chumba mara mbili. Alivaa blauzi yake ya jukwaani, ya zambarau yenye vipande vinavyong'aa, akaiona imekuwa kama ya kujisifu, akaivua. Je, akimkuta amependeza atasema huyu hana shida? Na akimkuta na fulana iliyotoboka atasema huyu si mwimbaji? Akaivaa tena. Akaivua. Mwishowe akaivaa na kujifunika khanga ya Isan juu yake, jasho likamtiririka mgongoni.

Saa saba Bibi Samruai akarudi, mtoto analia mbele na yeye yuko nyuma ya kilio hicho. Mkono mmoja ameshika sahani ya wali na samaki. Mkono mwingine ameshika kipepeo cha karatasi, cha kujipepea.

"Wamekataa," alisema. "Wanataka mama mwenyewe, apige picha na kopo na huyo tajiri. Nikawaambia mimi ndiye mama. Wakasema bibi, ondoka kwenye foleni. Wamempa mtoto hiki."

Kipepeo kilikuwa na uso wa tajiri, anatabasamu, na chini yake jina lake na maneno ya kuwatakia watu heri. Bualai akakipokea. Hasira aliyoisikia ilikuwa kubwa mpaka akakosa pa kuiweka, akaanza kumpepea mtoto nacho, maana joto lilikuwa kali na mtoto anaungua.

Saa nane na nusu simu ililia, na mkaguzi akafika. Alikuwa kijana mwembamba mwenye barakoa mbili na kioo cha plastiki usoni, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kishikwambi kifuani na chupa ya kitakasa mikono imefungwa kwenye mkanda. Shati lake jeupe lilikuwa limeshikamana na mgongo. Bualai akainamisha kichwa, viganja vimekutana usoni. Kijana akarudisha salamu kwa kichwa tu, mikono imejaa.

"Mama, simama hapo. Mita mbili. Kazi?"

"Mwimbaji. Molam."

"Hapa imeandikwa mkulima."

"Ndiyo niliyokatia rufaa, bosi."

"Naona." Akabonyeza. "Vyombo vya kazi viko wapi? Natakiwa kupiga picha ya mhusika na vyombo vyake. Muuza supu na mkokoteni wake, fundi na cherehani yake."

"Vyombo vyangu viko kooni."

Oon akacheka pale kwenye pikipiki. Mkaguzi hakucheka.

"Mama, koo siwezi kupiga picha. Mkataba unao? Barua ya mwajiri?"

"Nani anaandika mkataba wa kuimba harusini, bosi? Mtu anakuja, anasema tarehe fulani, unakwenda."

"Picha za zamani je?"

Picha zilikuwa kwenye simu ya zamani, na simu ya zamani iliuzwa mwezi wa nne. Bualai akaifungua khanga, akamwonyesha blauzi. Mkaguzi akaitazama bila kuiamini.

"Hiyo hata mimi naweza kununua sokoni." Akapangusa shingo. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na watu sita zaidi wa kuwaona na hajala. "Sikiliza. Wengi wananidanganya. Jana kuna mtu kaniambia yeye ni mkufunzi wa ndondi, hawezi hata kukunja ngumi. Natakiwa nikuone kazini. Kama ni mwimbaji, imba. Narekodi dakika mbili tatu, naituma, kazi imekwisha."

"Hapa hapa?"

"Unataka wapi? Kumbi zote zimefungwa."

Kwa Bualai jambo hilo halikuwa jepesi. Molam hafungui kinywa kabla ya kumwomba ruhusa mwalimu wake, aliye hai au aliyekufa, kwa jozi tano za maua na jozi tano za mishumaa. Mwalimu wake, mwanamke mkali kutoka Roi Et aliyefariki miaka tisa iliyopita, alimwapiza mbele ya madhabahu kwamba akiruka hilo koo litakauka. Bualai aliingia ndani. Mshumaa ulikuwa mmoja, wa siku za umeme kukatika. Maua hayakuwapo. Akachuma majani ya mrehani aliokuwa ameupanda kwenye kopo dirishani, akahesabu kumi, akayapanga kwenye kisahani pamoja na mshumaa, akapiga magoti.

"Mama, tunasali?" mkaguzi aliita kutoka nje.

"Naomba ruhusa, bosi. Dakika moja."

"Ruhusa nimeshakupa mimi."

Akamwambia mwalimu wake kimoyomoyo: nisamehe kwa haya majani, nisamehe kwa kuimba bila sherehe, naimbia maziwa ya mtoto. Akatoka. Oon alikuwa ameshafungua kiti cha pikipiki na kutoa kheni yake, ile zumari ya mianzi mirefu iliyopangwa safu mbili, aliyokuwa akiipuliza wakati wa kungoja abiria siku abiria walipokuwapo. Akaifuta mdomo kwa fulana. Akavuta barakoa chini, akamtazama mkaguzi kwa kuuliza. Mkaguzi akaashiria haya, anza.

Kheni ikaguna, kisha ikafunguka. Bualai akafumba macho.

"Oo la nooo…"

Sauti ilitoka nzima. Yeye mwenyewe alishtuka. Miezi miwili na nusu alikuwa ameitumia kwa kubembeleza mtoto na kuomba radhi tu, akadhani imekwenda zake. Ikapanda kwenye mabati ya kichochoro, ikakaa huko juu, ikashuka polepole kwa mapozi yale yale ya siku zote, na Bualai akajikuta mabega yamenyooka, mkono wa kulia umekwisha kunjuka wenyewe hewani.

"Mashine ya mjini, we mashine, nani kakwambia mimi nalima? Shamba langu liko kooni, nalivuna usiku, nalala mchana. Njoo unishike mikono uone, una macho wewe mashine? Kama nina sugu ya jembe, ninyime, sitasema neno!"

Kicheko kikatoka chumba cha tatu. Mlango ukafunguliwa, halafu mwingine. Watu waliokuwa wamelala kwa sababu kulala ni njia mojawapo ya kutokula, wakatoka na mikeka yao mikononi, wakasimama vizingitini. Mama Lamduan, muuza ndizi za kuchoma aliyekuwa hachomi tena, akaanza kupiga makofi. Mtoto akanyamaza. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mtu asiyesalimia mtu, akaja na kijiti cha kupigia mdundo juu ya ndoo. Mkaguzi mwenyewe, nyuma ya kioo chake, alikuwa anatikisa goti.

Jamani, Bualai alifurahi. Liacheni lisemwe. Kwa dakika tatu nne hizo hakuwa mwenye shida, hakuwa mwombaji wa chochote. Alimtania Oon kwa wimbo, kwamba pikipiki yake imenenepa kwa kukaa bure. Akamtania fundi kwamba anashona barakoa mpaka anaota masikio. Watu wakapiga vigelegele vya kwao, na hapo ndipo Bibi Samruai alipojitokeza mbele, ameinama kwa adabu ya mtu anayepita mbele ya mwimbaji, anacheza kwa vidole vya mikono, noti ya kijani ya baht ishirini imekunjwa katikati ya viganja. Pini alikuwa ameshaitia. Akaibana noti kwenye blauzi ya zambarau, juu ya titi la kushoto, akairekebisha ikae vizuri, akarudi kinyumenyume.

Mwimbaji anayetunzwa ana wajibu wake. Ni kama mtu kukuambia habari za asubuhi, huwezi kumnyamazia. Bualai aliinamisha kichwa, viganja vikakutana, na kinywa kikasema chenyewe yale ambayo kimekuwa kikisema kwa miaka ishirini na mitano:

"Bibi Samruai wa chumba cha kwanza, moyo wake mpana kuliko kichochoro chetu, kanitunza ishirini, ahsante, uishi uone vitukuu!"

Vigelegele. Sasa nani atakubali kubaki nyuma? Mtu akaja na ishirini yake, akatajwa. Mwingine akaja, akatajwa. Mume na mke wa chumba cha tano wakaja pamoja, kila mmoja na yake, wakatajwa wote wawili na mama mkwe aliyeko Yasothon. Oon akajipapasa mfukoni kwa mkono mmoja huku kheni iko mdomoni, noti yake akaipitisha kwa jirani. Fundi cherehani, mwenye kazi ya barakoa, akaacha ndoo na kubandika noti nyekundu ya mia, na Bualai akaliimba jina lake kwa mapozi marefu mpaka yule bwana asiyesalimia mtu akaona haya.

Wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi. Bualai akageuka kwa mkaguzi, anahema, uso umelowa jasho, anacheka bado.

Mkaguzi alikuwa ameshusha kishikwambi.

"Kwa hiyo unalipwa," alisema.

"Nini, bosi?"

"Hizo." Akaonyesha kwa kidole, kwa mita mbili. "Umepokea malipo kwa kuimba. Nimerekodi. Umetaja na kiasi."

Bualai alijitazama kifuani, akaziona noti kama mara ya kwanza.

"Hayo si malipo. Wamenitunza. Ni desturi, bosi, ukiimba wanakutunza. Kwani kwenu hawatunzi?"

"Kwetu wanatunza. Lakini fomu haina kisanduku cha desturi." Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, na macho yake hayakuwa yakitulia. "Ina kisanduku kimoja: mhusika ana mapato kutokana na kazi yake, ndiyo au hapana. Na kingine: kiasi kwa siku."

"Sijapata senti tangu mwezi wa tatu! Uliza watu!"

"Naamini, mama. Lakini video inasema leo."

"Leo tu! Kwa sababu wewe umekuja. Wewe ndiye umeniambia niimbe!"

"Nilikwambia uimbe. Sikukwambia upokee."

"Basi ifute. Naimba tena, nawaambia wasinitunze. Dakika mbili, bosi. Nakuomba." Akashusha magoti kidogo bila kujua, viganja vimekwisha kutana.

"Usinifanyie hivyo, mama, simama. Video ikishapigwa inakwenda yenyewe. Nikifuta wanaona nimefuta, wananiuliza mimi. Kuna wenzangu wameachishwa kwa hilo."

Bualai akaanza kuzichomoa noti. Pini ya kwanza ikamchoma kidole. Akazikusanya kiganjani, akamnyooshea. "Basi zichukue. Ziondoke zote. Andika hana kitu."

Mkaguzi akaruka nyuma kana kwamba amenyooshewa moto. "Mama! Watu wanatazama! Unataka niandike na rushwa?"

Watu walikuwa wanatazama kweli, wakiwa mbali kwa ajili ya mita zao mbili, na kwa barakoa, kile kioo na makelele yao wenyewe hawakusikia kilichosemwa. Waliona mkono wa Bualai umeshika noti. Bibi Samruai akasogea, tabasamu linaanza kumwondoka.

"Mwanangu, noti yangu ina nini?"

"Haina kitu, Bibi."

"Unazirudisha?" Sauti yake ilikuwa na hofu. Kurudisha tuzo ni kumtakia aliyetunza mkosi, hakuna mtu wa Isan asiyejua, na bibi wa miaka sabini na moja hana nafasi ya mkosi wowote. "Kama ni ndogo, sema, kesho nikiuza chupa…"

"Si ndogo. Bosi alitaka kuziona tu." Bualai akaichagua noti ya Bibi Samruai, aliyoijua kwa kona iliyokatika, akaibana kifuani tena mwenyewe, mahali pale pale. Kisha zingine, moja moja. Ikachukua muda.

Mkaguzi alikuwa anazihesabu kwa macho. "Ishirini sita, na mia. Mia mbili na ishirini." Akaandika. Kishikwambi kikafanya kazi yake, kikatoa jibu. Akalisoma bila kupenda: "Kwa mwezi, elfu sita na mia sita. Ni zaidi ya posho yenyewe."

"Kwa mwezi?"

"Inazidisha mara thelathini. Si mimi, ni mashine."

Bualai akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kikavu, na kikamuuma kifuani. "Sasa itasema mimi ni nani? Bado mkulima?"

"Hapana, mama. Hilo limerekebishwa." Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu aliyepata cha kumpa. "Rufaa yako imekubaliwa upande wa kazi. Itasoma mwimbaji. Mwimbaji mwenye kipato."

Akaweka kishikwambi juu ya tangi la pikipiki ya Oon, akarudi nyuma mita mbili, akamwomba aweke sahihi kwa kidole. Bualai akauliza akikataa itakuwaje. Akaambiwa itaandikwa amekataa, na faili linafungwa. Na akiweka? Faili linakwenda juu. Watalitazama, labda. Wapo watu walioambiwa labda. Bualai akaburuza kidole. Jina likatoka limepinda, halikufanana na jina la mtu yeyote. Mkaguzi akakipulizia kishikwambi dawa, akajipulizia na mikono, akasema pole, akaanza kuondoka upesi upesi.

"Ameandika vizuri?" Bibi Samruai alinong'ona. Uso wake ulikuwa umerudia kung'aa.

Bualai alimtazama. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni, yote, na yangemwua huyu bibi kizee.

"Ameandika vizuri, Bibi."

"Nilijua! Nilimwona anaikodolea macho noti yangu. Nikasema moyoni, haya, na serikali nayo ijionee. Wangemtunza mtu ambaye si mwimbaji?"

"Bado! Bado, bosi, usiende!"

Ilikuwa sauti ya Mama Lamduan, anatoka chumbani mwake mbio, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa ameingia kutafuta noti, akapekua mpaka chini ya godoro, na sasa alikuwa ameipata, imekunjwa mara nne, pini ameibana kwa meno. "Na mimi unipige picha! Nisije nikasemwa sikumtunza mwenzangu mbele ya serikali!"

Mkaguzi aligeuka pale kwenye nguzo ya umeme. Alisita. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu anayefuata taratibu, akainua kishikwambi.

Oon hakujua kitu, akarudisha kheni mdomoni na kupuliza. Mama Lamduan akaja anacheza, vidole vinachanua, macho yamejaa furaha ya kuwahi, noti imetangulia. Alikuwa mfupi. Bualai akainamisha bega apate kufika, na watu wote wakanyamaza wakimngoja aimbe jina lake.